Anayetusimamisha Njiani Ajitaje

Katika desturi zetu watu wa mwambao na visiwa, mtu haingii nyumba ya mwenzake pasi na kubisha hodi. Naye mwenye nyumba akiuliza kutoka ndani, "Nani?", haitoshi mgeni ajibu, "Mimi". Mimi ni kila mtu. Jirani mwema ni mimi, na mwizi naye ni mimi. Imepokewa ya kwamba Mtume (S.A.W.) alibishiwa hodi na mmoja katika masahaba zake, na alipouliza ni nani akajibiwa kwa neno hilo hilo, naye hakupendezwa nalo. Adabu ni kwamba anayetaka kufunguliwa mlango ajitaje kwanza, ndipo mwenye mlango aamue.

Twasema haya kwa sababu leo tunataka kuzungumza juu ya hodi ya namna nyingine, nayo ni hodi ya barabarani. Gari lisilo na alama yoyote ya polisi, wala halina namba za PT ambazo hata mtoto wa skuli anazijua, linamfuata dereva kwa nyuma, linampita, linamkata mbele, na aliyemo ndani anatoa mkono dirishani akiamrisha, "Simama!" Je, dereva huyo amelazimika kusimama? Akisimama na kumbe ni majambazi, nani atakayemlipa? Asiposimama na kumbe ni polisi, nani atakayemtetea?

Tumelichagua swali hili tukiwa na macho yetu upande wa kusini, huko Makote, katika nchi ya Masasi na Newala, juu ya uwanda wa Wamakonde. Wako watakaotuuliza: Nyinyi watu wa visiwani mna haja gani na barabara za Masasi? Jawabu yetu ni fupi. Sheria za barabara ni mbili, ya Bara mbali na ya kwetu mbali, lakini polisi ni mmoja. Katiba ya mwaka 1977 imeliweka Jeshi la Polisi katika orodha ya mambo ya Muungano. Askari anayemsimamisha mtu Kitangari leo aweza kuhamishiwa Mkokotoni kesho, na aliyezoea kutojitaja huko hatajifunza kujitaja akifika huku. Fauka ya hayo, Wamakonde si wageni kwetu. Wazee wao wamelima na kuchuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba, na wajukuu wao ni majirani zetu. Linalowaumiza huko linatuuma na sisi.

Sasa tumfikirie dereva mmoja wa huko, asiye na jina, kwani wako wengi mfano wake. Ni msimu wa korosho. Ameshusha abiria Newala, sasa anarejea Masasi usiku na gari lake aina ya Noah. Barabara ya kutoka Mtwara kupita Newala mpaka Masasi ni kilomita 210, na katika safari hiyo kuna sehemu ndefu ambazo hapana taa, hapana duka, hapana mtu, ila mikorosho pande zote mbili. Kisha lazima ateremke mlima kutoka juu ya uwanda kabla ya kuyaona majabali ya Masasi. Ndani ya gari wamo wakulima wawili waliolipwa fedha zao za msimu mzima. Nyuma yake inatokea taa ya gari jeupe. Linampita na kumzuia. Wanashuka watu wanne waliovaa nguo za kiraia, mmoja ameshika bunduki. Wanasema, "Sisi ni polisi."

Mtu aliyekaa ofisini mjini, chini ya panka, aweza kusema kwamba mambo ni mepesi: polisi akisema simama, raia asimame. Lakini huyo dereva hakuambiwa na polisi asimame. Ameambiwa na watu wanaosema kwamba wao ni polisi. Baina ya mambo mawili hayo kuna tofauti, na ndani ya tofauti hiyo ndimo roho za watu zinamopotea.

Wala tusiambiwe kwamba khofu hii ni ya waoga, au kwamba ni porojo za wapinzani. Tutataja mambo machache yanayojulikana na kila mtu. Mwezi wa Novemba 2017, huko Kibiti, mwandishi wa khabari Azory Gwanda aliondoka na watu waliokuwa katika gari jeupe aina ya Land Cruiser, kwa maelezo ya familia yake, na hakurejea nyumbani. Tarehe 6 Septemba 2024, Mzee Ali Mohamed Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya CHADEMA, alikuwa ndani ya basi akitoka Dar es Salaam kwenda kwao Tanga. Walipofika maeneo ya Tegeta magari yalilizuia basi lile, wakapanda watu wenye silaha, wakamteremsha mbele ya macho ya abiria wote. Mwili wake ukapatikana Ununio, umepigwa na uso wake umemwagiwa tindikali. Rais mwenyewe akatoa amri ufanywe uchunguzi. Na tarehe 1 Desemba mwaka huo huo, Abdul Nondo, kiongozi wa vijana wa ACT-Wazalendo, alikamatwa kwa nguvu alfajiri katika stendi ya mabasi ya Magufuli, Mbezi, akatiwa ndani ya Land Cruiser jeupe, na usiku akatupwa ufukweni Coco Beach akiwa na majeraha.

Tumtazame khasa yule dereva wa basi la Tanga. Alikuwa na abiria tele, alikuwa katika barabara kuu, na alikuwa katika mji mkubwa kuliko yote nchini. Magari yakamzuia naye akasimama, kama ambavyo kila mmoja wetu angesimama. Hatumlaumu. Lakini twauliza: kwa nini hapana hata mtu mmoja ndani ya basi lile aliyeweza kusema kwa yakini, "Hawa si polisi"? Jawabu inatisha. Ni kwa sababu nchi nzima imekwisha kuzoea kuwaona polisi wa kweli wakija kwa sura ile ile: gari la kiraia, nguo za kiraia, bunduki, na neno moja tu, "Twende."

Mwezi wa Julai 2019 mwandishi Erick Kabendera alichukuliwa nyumbani kwake na watu waliovaa nguo za kiraia. Majirani wakadhani ametekwa. Baadaye polisi wakatangaza kwamba wao ndio wanaye. Basi raia atajuaje? Siku moja wanaokuja hivyo ni polisi, siku ya pili polisi wanasema hawawajui. Mwenye kuvaa kinyago siku ya halali asishangae mwizi akivaa kinyago kama chake siku ya haramu.

Na sisi wa visiwani hatuhitaji kuhadithiwa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2015 kufutwa, na mpaka ule wa marudio wa tarehe 20 Machi 2016, watu waliofunika nyuso walikuwa wakizunguka mitaani kwa magari yasiyokuwa na namba, mikononi mwao wana silaha na marungu, wakiwapiga wananchi. Watu wakawaita "mazombi", kwa kukosa jina jingine la kuwapa. Tukauliza ni nani, hatukupewa jina. Ndiyo maana tunaposikia khabari ya gari lisilo na alama, huko Masasi au popote pale, miili yetu inasisimka.

Hata hivyo, insafu inatulazimisha tuseme na upande wa pili. Kazi ya polisi ni ya khatari, na kusini khasa ni ya khatari zaidi. Tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa njiani wakiwa ndani ya gari lao. Mwezi wa Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji cha Kitaya, katika mkoa wa Mtwara, wakaua na kuchoma nyumba. Mtu mwenye akili hawezi kusema kwamba katika nchi iliyopakana na vita kama hiyo polisi wasiwe na wapelelezi, wala wasiwe na magari yasiyojulikana. Gari lenye king'ora haliwezi kumfuata mwizi kimya kimya. Sisi hatupingi upelelezi.

Tunachosema ni kwamba kupeleleza ni kazi moja na kusimamisha ni kazi nyingine. Anayepeleleza anatazama, anasikiliza, anafuata, na si lazima ajulikane. Anayesimamisha anatoa amri, na amri ni lazima iwe na mwenyewe. Mpelelezi akishajua anachotaka kujua, na ukafika wakati wa kumkamata mtu njiani, basi amwite mwenzake mwenye sare na gari lenye alama, naye aje asimame mbele ya taa za dereva aonekane. Barua ya Serikali isiyo na sahihi wala mhuri hurejeshwa ilikotoka, hata kama maneno yake ni ya kweli. Sare ndiyo mhuri wa askari. Namba iliyo begani ndiyo sahihi yake. Mkoloni tuliyempinga na kumtoa alikuwa na wapelelezi wake pia, lakini askari wake wa njiani alimvalisha kaki na tarbushi, ili kila mtu amjue kwa mbali. Itakuwa ajabu kubwa dola ya watu huru iwe na haya ya kujulikana zaidi ya dola ya mgeni.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya Bara, ya mwaka 1973, inampa polisi uwezo wa kulisimamisha gari na kulikagua, na dereva anayemdharau hushitakiwa. Hilo hatulikanushi, wala hatuwashauri watu walivunje. Lakini sheria hiyo haikai peke yake. Juu yake ipo Katiba, ambayo katika ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, na katika ibara ya 15 inasema kwamba mtu hakamatwi wala hafungiwi ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Pembeni yake ipo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, inayomtaka anayekamata amwambie anayekamatwa kosa lake. Sasa tukizisoma sheria hizi pamoja, kama inavyopasa, tunaona kwamba uwezo wa kusimamisha umepewa polisi. Haukupewa kila mwenye bunduki. Na mtu hawezi kutumia uwezo wa polisi pasi na kuonyesha kwamba yeye ni polisi. Asiyetaka kujitaja amejivua mwenyewe uwezo huo.

Wenzetu wamelitazama jambo hili kabla yetu. Sheria ya trafiki ya jirani zetu wa Kenya inamtaka dereva atii amri ya askari polisi aliyevaa sare. Sheria ya barabara ya Uingereza ya mwaka 1988 nayo inamlazimisha dereva asimame anapoamrishwa na konstebo aliyevaa sare. Neno hilo dogo, sare, halikutiwa kwa ajili ya kupamba karatasi. Limetiwa ili dereva wa usiku asilazimishwe kupiga ramli.

Na hata huko Uingereza, wanakojisifu kwa polisi wao, msiba uliwafika. Mwezi wa Machi 2021, askari polisi wa London aitwaye Wayne Couzens, hali hana sare, alimwonyesha kitambulisho chake msichana Sarah Everard aliyekuwa akipita njiani kwa miguu. Akamtia pingu, akamchukua katika gari la kukodi, kisha akamuua. Alihukumiwa kifungo cha maisha bila ya kutoka. Baada ya hapo wakubwa wa polisi wa London walisema askari wasiokuwa na sare hawatapelekwa kazini mmoja mmoja, na wakawaambia wananchi wao kwamba mwenye shaka aulize, athibitishe kwa simu, na akiona khatari akimbilie penye watu. Afrika ya Kusini, ambako majambazi huweka taa za buluu juu ya magari yao wakajifanya polisi, madereva wameshauriwa kwamba wakishuku wapunguze mwendo, wawashe taa za tahadhari, na waende taratibu mpaka kituo cha polisi kilicho karibu. Nchi hizo hazikuanguka, na polisi wao hawakudharaulika kwa kumruhusu raia aulize.

Turejee Masasi, kwani huko wanajua khasara ya raia na polisi kutoaminiana. Mwezi wa Januari 2013 ugomvi baina ya polisi na mwendesha bodaboda uliwasha moto mji mzima. Yakachomwa magari ya Serikali, zikachomwa nyumba za wakubwa, na watu wakapoteza maisha. Mtu anaweza kusema kwamba vijana walikuwa watundu. Sisi twasema kwamba jambo la mtu mmoja na askari mmoja halichomi mji ila mji wenyewe uwe umekauka tangu zamani kwa manung'uniko. Kila anayesimamishwa bila kuambiwa sababu, kila anayeombwa fedha gizani, kila anayepigwa kofi mbele ya abiria wake, huongeza ukuni mmoja kavu katika rundo hilo.

Na katika mkoa huo huo wa Mtwara, mwezi wa Januari 2022, kijana mmoja mfanyabiashara aliuawa akiwa mikononi mwa polisi. Maofisa saba walishitakiwa, na mwezi wa Juni 2025 Mahkama Kuu ikawatia hatiani wawili na kuwahukumu kunyongwa, ikawaachia watano. Kesi hii tunaitaja kwa sababu mbili. Kwanza, inaonyesha kwamba hata polisi wa kweli, mwenye cheo cha kweli, aweza kuwa khatari kwa mtu mwenye fedha mfukoni. Pili, inaonyesha kwamba palipokuwa na majina palipatikana kesi, na palipokuwa na kesi palipatikana hukumu. Asiye na jina hashitakiki. Hilo ndilo linalowavutia wengine kutokuwa na jina.

Watu wa Makote wana sababu zaidi ya kulitaka jambo hili liwekwe wazi, nayo ni korosho. Tangu mwaka 2007, ulipoanzishwa mpango wa stakabadhi ghalani, korosho zimekuwa zikipita kwa vyama vya msingi mpaka kwa vyama vikuu, TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Anayenunua nje ya njia hiyo huitwa mtu wa kangomba, naye huwindwa. Msimu wa 2018/2019 Serikali ilitangaza kuzinunua korosho zote yenyewe, kwa shilingi 3,300 kila kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzikusanya na kuzisafirisha. Tangu hapo kila mwenye gunia ndani ya gari amejifunza kuogopa taa za nyuma yake. Palipo na woga kama huo, tapeli hahitaji mtaji mkubwa. Inamtosha gari jeupe, koti jeusi, na sauti ya ukali. Mkulima aliyekesha mwaka mzima akipalilia na kupulizia dawa aweza kunyang'anywa mavuno yake kwa dakika tano, na akenda kushitaki ataulizwa, "Uliwajua?"

Tunajua yatakayosemwa na wakubwa. Watasema: Tukimpa dereva ruhusa ya kuuliza, kila jambazi atakimbia akasema hakutujua. Tunajibu: Jambazi anakimbia leo hata akiona sare, kwa hivyo sheria hii haimwongezei kitu. Anayeongezewa kitu ni mtu mwema, ambaye leo amekwama baina ya khatari mbili. Watasema tena: Askari wetu wana vitambulisho, dereva aombe aonyeshwe. Tunajibu: Vyema, lakini kitambulisho kinachopitishwa gizani kwa nukta moja mbele ya mtu anayetetemeka hakisomeki, na Waingereza wamekwisha kutufundisha kwamba kitambulisho cha kweli nacho chaweza kuwa mkononi mwa muuaji. Watasema mwisho: Hapana haja, polisi wetu ni waaminifu. Tunajibu: Ikiwa ni waaminifu, basi wao ndio wa kwanza wanaodhulumiwa, kwa sababu kila uovu unaofanywa na gari lisilo na alama unaandikwa katika hesabu yao.

Kwa hivyo tunataka, na tunalisema bila ya kuficha, mambo matano.

Kwanza, iandikwe katika sheria, kwa Bara na kwa Visiwani, kwamba gari lisilo na alama za polisi lisimsimamishe msafiri ila ndani yake awemo askari mwenye sare, naye ndiye ashuke na ndiye aongee.

Pili, askari anayemsimamisha au kumkamata mtu njiani ataje jina lake, namba yake, kituo chake, na sababu, kabla ya kuomba leseni au kugusa mzigo.

Tatu, dereva mwenye shaka apewe haki ya kwenda taratibu mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, au mpaka penye taa na watu, na kufanya hivyo kusihesabiwe kuwa ni kukaidi amri.

Nne, abiria asiteremshwe katika basi usiku au mchana pasi na dereva kuandikiwa jina la anayemchukua na mahali anapopelekwa. Mzigo wa gunia moja ukishushwa garini huandikiwa risiti. Haiyumkini mwanadamu awe duni kuliko gunia.

Tano, kila gari la polisi lisilo na alama liandikwe katika daftari linaloweza kukaguliwa na mahkama, ili siku likitajwa katika uovu ijulikane mara moja lilikuwa wapi na nani alikuwa akiliendesha. Daftari hilo litamsafisha polisi mwema upesi kuliko tamko lolote la msemaji.

Mpaka siku hiyo ifike, nini afanye dereva wa Masasi, au wa Tanga, au wa Wete? Hatumwambii apigane na watu wenye bunduki, wala hatumwambii akimbie mbio za kujiua na kuua wenzake. Akisimamishwa na askari mwenye sare, asimame, awe mpole, aulize jina. Akisimamishwa na gari asilolijua, apunguze mwendo ili aonekane hakimbii, awashe taa za tahadhari, afunge milango, apige simu polisi namba 112 na kwa mtu wake wa nyumbani, na aelekee penye watu. Abiria nao wasigeuze nyuso zao dirishani. Watazame, wakariri namba za gari, sura, nguo, na saa. Macho arubaini yaliyoona ni ushahidi, na mara nyingine ni kinga. Akizuiwa kabisa hana la kufanya, na hapo lawama haiko kwake tena. Iko kwa dola iliyomwacha asijue nani mlinzi na nani mwuaji.

Tulianza na hodi, na kwa hodi tutamaliza. Serikali inatutaka tuifungulie milango: milango ya nyumba, ya magari, ya mifuko, na mara nyingine ya siri zetu. Hatukatai, maana nchi haiendeshwi bila ya utii. Lakini utii ni haki ya anayejulikana. Sisi wa visiwani na wenzetu wa Makote tunauliza swali lile lile ambalo kila mama wa Kiswahili humfundisha mtoto wake aulize kabla ya kugusa komeo. Tunasubiri kujibiwa kwa jina.